Baiskeli Ipimwe kwa Mwili wa Mwenye Kuipanda

Katika mitaa yetu mingi siku hizi, baada ya swala ya Alfajiri na kabla jua halijapanda, huonekana watu wa makamo wakiendesha baiskeli kwa nia ya mazoezi. Wamo walioshauriwa na daktari baada ya kupimwa shinikizo la damu au sukari, wamo waliochoshwa na kukaa ofisini au dukani mchana kutwa, na wamo vijana waliovutiwa na mashindano wanayoyaona katika televisheni. Zoezi hili huwafaa wote hao, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa na kiti, na magoti hayapigwi kwa kishindo kama yanavyopigwa katika kukimbia.

Hata hivyo, baada ya miezi miwili au mitatu, nyingi ya baiskeli hizo huwa zimeegemezwa ukutani, matairi hayana upepo. Wenyewe wakiulizwa, majibu yao hufanana. Huyu goti limemkataa, yule mgongo unamuuma, mwingine vidole vya mikono vinamfa ganzi. Wapo pia wanaoona haya kutaja mahali penyewe panapouma, nao husema tu kwamba wamekosa nafasi. Wengi wao huhitimisha kuwa umri umewatupa mkono na kwamba baiskeli ni ya vijana.

Tunaandika makala haya kwa sababu hitimisho hilo aghalabu si sahihi, na madhara yake si madogo. Aliyeshauriwa kufanya mazoezi kwa ajili ya moyo wake, kisha akayaacha kwa sababu ya goti, amepoteza sehemu ya tiba yake. Na maumivu mengi ya namna hiyo huwa hayatokani na umri wala na ubovu wa baiskeli. Hutokana na vipimo: kiti kilichowekwa chini mno, usukani ulio mbali mno, au pua ya kiti iliyoinuka. Mambo hayo hurekebishwa kwa spana moja au mbili, bila kununua kitu.

Kwa nini kosa dogo huumiza

Mwili hugusana na baiskeli mahali patatu: makalio juu ya kiti, viganja juu ya usukani, na nyayo juu ya pedali. Mahali hapo patatu pakipangwa vibaya, mwili hulazimika kujikunja au kujinyoosha ili ufikie, nao hurudia kosa lile lile bila kupumzika. Mtu anayezungusha pedali mara 70 kwa dakika hukunja na kukunjua kila goti mara 4,200 katika saa moja. Sentimita mbili za kiti huonekana si kitu dukani, lakini goti huzihesabu zote.

Hata mabingwa hawakulidharau jambo hili. Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyeshinda Tour de France mara tano kati ya mwaka 1969 na 1974, alianguka vibaya Septemba 1969 katika mashindano ya uwanjani mjini Blois, Ufaransa. Mwendesha kipikipiki aliyekuwa akimwongoza alifariki katika ajali hiyo, naye Merckx akaumia nyonga. Tangu hapo hakutulia tena juu ya kiti chake. Alijulikana kwa kubeba spana na kurekebisha urefu wa kiti hata katikati ya mashindano. Mwaka 1972, mjini Mexico City, aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja na kuweka rekodi ya dunia. Ikiwa mtu wa kiwango hicho aliupima mwili wake tena na tena, haifai mtumishi wa ofisini mwenye miaka hamsini kupanda baiskeli kama alivyoikuta dukani.

Tatizo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya namna tunavyozipata baiskeli. Zile nzito za mizigo tulizozizoea, kama Phoenix na Hero, kwa kawaida hutoka na fremu kubwa, na mfupi na mrefu wote hupewa ile ile. Nazo zile za mtumba zitokazo Ulaya na Japani zilipimwa kwa mwenyewe wa kwanza, ambaye huenda miguu yake ilikuwa mirefu au mifupi kuliko yetu. Mnunuzi huangalia breki, gia na bei. Ni wachache wanaouliza kama baiskeli inawatosha.

Tuanze na urefu wa kiti

Kiti ndicho msingi, na hakuna kingine cha kuguswa kabla yake. Simama peku, mgongo ukiegemea ukuta, miguu ikiachana kidogo. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kibane katikati ya miguu na ukipandishe mpaka kikaze kwenye msamba kama kiti kinavyokaza. Mwenzako aweke alama ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu, kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye alama hiyo. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni urefu wa kuanzia, unaopimwa kutoka kitovu cha ekseli ya mikono ya pedali, kufuata bomba la kiti, hadi juu ya kiti. Mwenye sentimita 80 ataanza na sentimita 70.6, na mwenye 76 ataanza na 67.1. Kanuni hii ilienezwa na Greg LeMond wa Marekani, mshindi wa Tour de France mara tatu.

Asiyependa hesabu anayo njia nyingine ya kale. Vaa viatu unavyoendeshea, kaa juu ya baiskeli huku mtu ameishika, na uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke sawasawa bila nyonga kuinamia upande. Ukihamishia pedali chini ya sehemu pana ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa.

Wanaoanza hukataa urefu huu kwa hofu. Wanataka nyayo zote mbili zifike ardhini wakiwa wamekaa, na kwa ajili hiyo hushusha kiti mpaka magoti yakapanda karibu na kifua. Hofu hiyo tunaielewa, lakini dawa yake si kushusha kiti. Mtu ajifunze kushuka mbele ya kiti anaposimama: abane breki, aache mguu mmoja juu ya pedali iliyo chini, ateleze mbele, na mguu wa pili utue ardhini. Afanye hivyo mara kumi katika uwanja usio na magari, na hofu itampungukia.

Baada ya hapo mwili wenyewe utasema. Goti likiuma kwa mbele, aghalabu kiti kipo chini mno. Likiuma kwa nyuma, au nyonga zikiyumba kulia na kushoto, au vidole vikichongoka kuitafuta pedali, kiti kimepanda mno. Rekebisha nusu sentimita tu kwa mara moja, endesha siku mbili au tatu, kisha upime tena. Zingatia pia alama iliyochorwa kwenye nguzo ya kiti kuonyesha mwisho wa kuipandisha. Ikiwa kiti hakikufai mpaka alama hiyo itokeze nje ya bomba, fremu hiyo ni ndogo kwako, na kuiendesha hivyo ni hatari, kwani nguzo au fremu yaweza kuvunjika ukiwa safarini.

Timazi na pima maji

Vyombo viwili vya fundi mwashi vinafaa sana hapa. Cha kwanza ni timazi, au uzi wowote wenye uzito mwishoni. Kaa juu ya kiti, mikono ya pedali ikilala sambamba na ardhi, na mwenzako aning'inize uzi kutoka chini kidogo ya pia ya goti la mbele. Uzi upite karibu na katikati ya pedali. Ukiangukia mbele sana, kirudishe kiti nyuma, na ukiangukia nyuma sana, kisogeze mbele. Huu ni mwanzo mzuri tu, na mwili una haki ya kuusahihisha.

Chombo cha pili ni pima maji. Kiweke juu ya kiti, kutoka nyuma hadi puani. Kiti kinatakiwa kilale sawa, au pua iinamie chini kidogo sana. Pua iliyoinuka hubana msamba, mahali panapopita mishipa ya damu na ya fahamu, na matokeo yake ni ganzi. Ganzi hiyo, kwa mwanamume na kwa mwanamke, si jambo la kuvumilia wala la kuonea haya. Ikitokea, simama juu ya pedali kwa nusu dakika ili damu ipite, na urudipo nyumbani urekebishe kiti. Kwa upande mwingine, pua iliyoinama mno humfanya mtu ateleze mbele, na uzito wote ukaangukia mikononi.

Wengi hukimbilia kununua kiti kinene na laini kama mto. Kwa mwendo wa sokoni kinafaa, lakini katika mwendo wa saa nzima makalio huzama ndani yake, na sifongo ikaminya nyama laini za katikati. Kilicho bora ni kiti cha wastani kinachobeba mifupa miwili ya kukalia, na upana wake ulingane na upana wa mifupa hiyo. Kwa kawaida nyonga za wanawake ni pana zaidi, hivyo kiti chembamba alichokizoea mume huenda kikamtesa mke. Ipo pia kaptura ya baiskeli yenye sifongo, ambayo huvaliwa bila nguo nyingine ya ndani, nayo yaweza kufichwa chini ya suruali pana au vazi refu.

Usukani na mikono

Kiti kikishatulia ndipo usukani uguswe. Wapo wanaosogeza kiti mbele ili waufikie usukani ulio mbali. Hao hutibu mikono na kuyaumiza magoti. Ikiwa usukani uko mbali, usogezwe wenyewe, ama kwa kuupandisha, ama kwa kubadilisha shingo yake iwe fupi. Nayo shingo ya baiskeli za zamani ina alama ya mwisho wa kuipandisha, kama ilivyo nguzo ya kiti.

Mkao mwema hujulikana hivi: viwiko vimekunjwa kidogo, mabega yameshuka mbali na masikio, na waweza kuyanyanyua mabega na kuyaachia bila kuporomoka mbele. Kidole kidogo na kile cha pili yake vikifa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja unabanwa. Pandisha usukani kidogo, badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, na uvae glavu zenye sifongo. Shingo na sehemu ya chini ya mgongo vikiuma, usukani uko chini au mbali kuliko mwili unavyoweza kwa sasa.

Tunasema "kwa sasa" kwa makusudi. Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 katika vilima vya jiji hilo, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi. Mwaka mmoja kabla yake, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Vijana wetu wamewaona, nao wanaiga mgongo ulioinama na usukani wa chini. Mkao ule ni tunda la miaka mingi ya mazoezi. Anayeanza akiuiga wiki ya kwanza atavuna maumivu ya shingo.

Matairi nayo huchangia. Tairi lililojazwa mpaka likawa gumu kama jiwe hupeleka kila shimo la barabara mgongoni. Upepo wa juu ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka usiovukwa, si kiwango cha kufuatwa na kila mtu. Mwepesi wa mwili hujaza chini ya hapo, na tairi pana huhitaji upepo mdogo kuliko jembamba.

Kina mama na watoto

Baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, humwezesha mwenye vazi refu kupanda na kushuka kwa staha na bila kujikwaa. Lakini baibui na kanzu vina maadui wawili: mnyororo na njiti za gurudumu la nyuma. Kifuniko kamili cha mnyororo, pamoja na wavu au kinga ubavuni mwa gurudumu la nyuma, vifungwe kabla ya safari ya kwanza, kwa kuwa nguo ikinaswa katika mwendo humwangusha mtu ghafla. Kofia ngumu ivaliwe juu ya mtandio mwembamba usio na pini, ikae sawa juu ya paji la uso, na mikanda yake ikazwe.

Kwa watoto, wazazi tuna desturi ya kununua baiskeli kubwa ili mtoto "akue nayo". Nia ni kubana matumizi, lakini mtoto asiyeifikia breki kwa vidole vyake hawezi kuisimamisha. Anayejifunza awekewe kiti cha chini mpaka nyayo zote zikanyage ardhi. Akishamudu mizani, kipandishwe kidogo kidogo, na kipimwe upya kila baada ya miezi michache, kwa maana anarefuka.

Mazoezi ya wiki nane

Baiskeli iliyopimwa vema haimkingi mtu dhidi ya pupa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Asiyezoea hana haja ya kuzifikia siku ya kwanza. Tunapendekeza siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, kwa mpango huu:

Wiki ya kwanza, dakika 20 kila siku. Wiki ya pili, dakika 25. Wiki ya tatu, siku mbili za dakika 30 na moja ya 40. Wiki ya nne punguza, urudi dakika 25 kila siku, kwa kuwa misuli hujijenga katika mapumziko. Wiki ya tano, dakika 30, 35 na 45. Wiki ya sita, 35, 40 na 60. Wiki ya saba, 40, 40 na 70, ambazo jumla yake ni 150. Wiki ya nane punguza tena, kisha uendelee kwa kiasi unachokimudu.

Kasi ipimwe kwa mazungumzo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hiyo ndiyo kasi ya wastani. Tumia gia nyepesi na uzungushe miguu haraka kidogo, mara 70 hadi 80 kwa dakika. Hesabu goti la kulia kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Gia nzito inayosukumwa polepole hukandamiza magoti, na wanaoanza wengi huidhania ndiyo ushujaa. Chukua maji hata kwa safari fupi, na kwa inayozidi saa moja na nusu uongeze tende au ndizi. Katika mwezi wa Ramadhani, mwendo uwe mfupi na mwepesi, karibu na kufuturu au saa moja na zaidi baada yake. Safari ndefu zisubiri Shawwal.

Zipo ishara ambazo spana haiziwezi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi unayoifanya ni mambo ya kumwona daktari mara moja. Kadhalika ganzi isiyoondoka baada ya siku mbili, au goti lililovimba. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge azungumze na daktari wake kabla ya kuanza, na mfukoni asikose kitu kitamu, kwani mazoezi hushusha sukari.

Kwa hiyo tunawaomba wale ambao baiskeli zao zimeegemezwa ukutani wasiziuze kwanza. Watenge nusu saa siku ya mapumziko, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani wa kuwashikia baiskeli. Wawe na utepe wa kupimia, uzi wenye uzito, spana na karatasi. Waandike kila kipimo cha zamani kabla ya kukibadilisha, wabadilishe kimoja kwa wakati, na waanze na kiti. Asiyejiamini ampelekee fundi wa mtaani karatasi hiyo na amweleze panapouma bila kuona haya. Kisha aanze wiki ya kwanza, dakika 20, na inshaallah goti litamwachia aendelee.